Mwenyekiti Nisiyeweza Kumtaja

Nianze kwa kukiri kwamba siku ile nilijiaibisha mbele ya maprofesa, mbele ya wakwe zangu na mbele ya nusu ya kijiji, wote kwa mpigo mmoja, na kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi, maana nikifika katikati ya habari hii mimi mwenyewe sicheki. Mwenzenu nasomea uzamivu. Mada yangu ni muhogo, ule ugonjwa wa batobato, mbegu zipi zinastahimili na zipi zinakufa, kazi ya kushinda umeinama shambani (mtu akisikia "daktari mtarajiwa" anadhani unashinda kwenye kiyoyozi). Na mtu wa uzamivu lazima awe na kamati ya ushauri, yaani walimu watatu wanaokuongoza na kukukagua, ambao wasiporidhika huendi popote, hata ulie mpaka kesho.

Kuiunda hiyo kamati haikuwa shida mwanzoni. Dk. Zainabu, mama wa Tanga asiyepaza sauti, ndiye msimamizi wangu mkuu. Dk. Mushi, mtu wa takwimu, akakubali bila maneno mengi. Ikabaki nafasi ya mwenyekiti, na hapo Dk. Zainabu akanipa maprofesa wawili nichague mwenyewe. Wa kwanza mpole, anakaribia kustaafu, ila ukimtumia kazi yako leo atakujibu muhogo umeshavunwa. Wa pili bingwa wa muhogo kutoka Iringa, mkali, lakini anasoma na kurudisha upesi, na tatizo lake lilikuwa moja tu: jina lake la ukoo ndilo jina la baba mkwe wangu.

Najua wengine mnasema, sasa hilo nalo ni tatizo? Subirini. Mimi ni wa Kasulu, nimeolewa Kibondo, kwenye ukoo uliotoka Burundi zamani na sasa ni raia na wana mashamba yao, na kwao mke wa mtoto hamtaji databukwe (ndivyo tunavyomwita baba mkwe) kwa jina lake. Huugui wala hufi, ila hulitaji tu, kama vile usivyoweza kuvua gauni kanisani. Na si yeye peke yake, jina lenyewe ndilo lililofungwa, hata akiwa nalo mtu mwingine. Ni jina la kwenye Biblia tu, mnalijua wote, na kuna mtoto wa jirani analo, tangu anatambaa namwita Kijana (na mkisubiri nilitaje hapa mtakesha). Basi nikajiambia, kuandika si kutaja, kwenye barua nitaliandika na mdomoni nitasema Profesa, au Mwenyekiti, nani atagundua? Nikamchagua wa pili.

Na kweli kwa muda mrefu hakugundua mtu. Kwenye vikao vya chuoni ilikuwa "Mwenyekiti" huku, "Mwenyekiti" kule, mpaka Dk. Mushi akanisifu kwamba nina adabu. Mambo yaliharibika kamati ilipopanga kuja kukagua mashamba ya majaribio, ambayo yalikuwa mawili, moja Titye, huku kwetu Kasulu, na la pili Kibondo kwenye ardhi ya nani? Ya databukwe. Nilipewa bure, nikajiona mjanja.

Asubuhi tukaanza na Titye. Bibi mmoja mwenye shamba jirani akakuta pingili za muhogo nimezipanga chini, akazunguka mbali kabisa ili asiziruke, kwa sababu mwanamke akiruka mbegu, eti shamba linakataa. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanigeukia mimi akasema, "Unaona Bi Jenista? Siku nikimkuta mtafiti wangu anaendeshwa na miiko namna hii, namrudisha darasa la kwanza." Nikacheka na mimi. Nilicheka kwa nguvu, jamani, kama mtu anayelipwa. Sasa niambieni, baada ya kicheko kile ningeanzaje kumweleza garini kwamba tunakokwenda kuna mwiko wangu mwenyewe unanisubiri kwenye kiti cha mbele?

Maana ndipo alipokuwa. Tulipofika Kibondo databukwe alikuwa mbele kabisa, kavaa koti la Jumapili, pembeni yake mabukwe, yaani mama mkwe, na nyuma yao majirani kwenye mabenchi ya kanisa, wamekuja kumwona mkamwana wao anavyokaguliwa na wakubwa. Mabukwe akawasalimia wageni, "Mwakeye! Karibuni, karibuni kwa mwanetu." Nilivyoona ule umati ndipo nilipokumbuka kikao cha kamati huanza na nini. Huanza na mwanafunzi kuitambulisha kamati yake, kwa majina, na simu ya Dk. Mushi ikiwa inarekodi kwa ajili ya muhtasari.

Nikajaribu ujanja. "Ninaomba wajumbe wajitambulishe wenyewe," nikasema, na Profesa akakata palepale, "Kamati ni yako, itambulishe wewe." Nikaanza na Dk. Zainabu, nikampamba mpaka basi. Nikaenda kwa Dk. Mushi, nikamweleza hadi alikosomea. Kisha nikasema, "Na huyu ni Mwenyekiti wetu, Profesa, bingwa wa muhogo, karibu sana Mwenyekiti," nikataka kukaa.

"Mwenyekiti ana jina," akasema.

"Profesa Onesmo," nikasema, maana hilo la kwanza halina shida.

"Onesmo nani?"

Naliona jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na ulimi umelala. Databukwe ananitazama kwa upendo mkubwa, ananitikisia kichwa kunitia moyo, masikini, hajui ni yeye ndiye kaniziba mdomo. "Onesmo..." nikasema, "Onesmo Mwenyekiti." Mabenchi yakacheka. Profesa hakucheka.

Akavua miwani tena, ila safari hii taratibu. "Bi Jenista, barua zote ulizoniandikia zina jina langu, tena bila kosa. Leo hulijui. Siku hizi watu wanaandikiwa kazi zao na watu wengine, wanalipa, wanakuja kusimama mbele yetu. Naomba uniambie hapa hapa: hizo barua, na hizo sura nilizosoma, aliziandika nani?"

Kuandikiwa! Mimi niliyehesabu majani ya muhogo mmoja mmoja kwenye mvua mpaka nikapata nimonia, leo naitwa mwizi wa maandishi mbele ya mama mkwe, na kwa kosa hilo chuoni hawakuonei huruma, unafukuzwa na jina lako linabandikwa ubaoni. Dk. Zainabu akaninong'oneza, "Sema kitu, mwanangu." Ningesema nini? Kumjadili databukwe na jina lake, naye kakaa pale, ni aibu karibu sawa na kulitaja. Profesa akafunga daftari. "Kikao kimesimama. Kazi hii nitaomba ichunguzwe."

Hapo databukwe akasimama, hajaelewa kitu, anaona tu wageni wanataka kuondoka na chakula kiko tayari. "Samahani Profesa, kwani wewe jina lako ni nani?"

Profesa akalitaja.

Mngesikia zile benchi! Wanawake wote wakashika midomo na kunigeukia mimi, mtu akasema "Yuu, mwana wa watu!", na databukwe akaruka kama kijana, akaenda kumkumbatia Profesa. "Wajina! Kumbe ni wajina wangu! Sasa huyu akutaje vipi? Wewe ni mimi! Kuanzia leo na wewe ni baba mkwe wake!" Dk. Zainabu, kwa ile sauti yake ndogo, akasema kwamba kwa kanuni za chuo ndugu wa mwanafunzi haruhusiwi kukaa kwenye kamati, na Dk. Mushi akauliza kama hilo nalo aliandike.

Ningenyamaza hapo yangekwisha. Lakini Profesa, huku bado amekumbatiwa, akasema, "Inawezekana ni mila, mzee. Inawezekana pia ni kisingizio kizuri." Kisingizio! Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba, na databukwe naye kwa ukarimu wake akazidisha, akaniita kwa jina la binti yangu, "Kama shahada inalitaka jina, basi mtaje, mama Neema, mimi nimeruhusu!" Profesa akaanza kusema, "Hapana mzee, si lazima," na mabukwe akaanza kusema, "Usi—", lakini mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nililitaja. Wala sikulitaja, nililipigia kelele, kama mtu anayeita mtoto aliyepotea sokoni.

Profesa akaitika, "Naam." Na databukwe, pale pale aliposimama, mikono ikaanguka ubavuni, akaitika kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Karame, mama!" Kwao hivyo ndivyo mtoto anavyomwitika mamaye.

Hakuna aliyecheka. Mzee mzima, koti la Jumapili, ameitika kama mtoto mbele ya watu wote, na akajisikia mwenyewe alivyoitika, akarudi kwenye kiti akakaa, akafuta uso na kiganja. "Tangu mama yangu afariki," akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "hakuna mwanamke aliyeniita jina langu." Na ndiyo, niliwaza nikiwa nimesimama nimeganda, mkewe anamwita Baba Fulani, mabinti zake Baba, sisi wakamwana hatumwiti kabisa. Mabukwe akajifunika kitenge kichwani akaenda jikoni. Profesa aligeuza uso kuelekea mihogo, kisha akamwambia Dk. Mushi aandike kwamba mwanafunzi ameitambulisha kamati na kikao kinaendelea.

Shamba lilipita ukaguzi. Kuandikiwa hakukutajwa tena, na Profesa aliniomba radhi kwa mdomo wake, mbele ya wote. Mimi nilikuwa nasikia kwa mbali. Chakula sikuweza kuwaandalia, ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka waliandaa majirani, nami nikajificha jikoni kwa mabukwe, ambaye hakunitazama mpaka moto ulipokaribia kuzimika. Ndipo akasema, "Mimi nimezaa naye watoto saba, jina lake sijalitia mdomoni. Wewe umelitaja kwa sababu ya muhogo." Nikalia, na yeye akanisogezea kigoda nikae.

Sitarudia. Nimeapa, na yeyote anayeunda kamati namwambia, kabla hujamchagua mtu kwa ubingwa wake, jiulize kama jina lake linapita kooni mwako. Ila taabu yangu sasa ni moja. Jioni ile databukwe alikuja akasimama nje ya jiko, mgongo kwenye ukuta, maana jikoni alimo mkamwana haingii, akakohoa, akaniuliza kwa upole hiyo kamati yetu itarudi lini. Na kila nikienda Kibondo ananiuliza.