Jiwe la Bibi Nyuma ya Vigae

Wamebandika vigae kwenye kuta za kanisa letu la zamani huku Meru. Vigae! Vile vile vya bafuni, na kila mtu anasema pamependeza.

Nilipokuwa mdogo, ibada ikiisha wenzangu walikimbilia mnada wa mavuno, kwenye harufu ya ndizi mbivu na kelele za kuku. Mimi Bibi alinishika mkono, tukazunguka nyuma ya kanisa. Akapapasa ukuta wenye ukungu mpaka akalifikia jiwe moja jeusi, alilolibeba kichwani kutoka mtoni akiwa msichana, kanisa likijengwa.

"Bado lipo," akasema.

Njaa ilikuwa inaniuma, nami nilidhani anaogopa wezi. "Sasa Bibi, nani ataiba jiwe la ukutani?"

"Nyamaza. Wewe hukulibeba."

Juzi nilimuuliza kijana wa kamati ya ujenzi, jiwe la Bibi mmelipeleka wapi?

"Lipo tu, mama, nyuma ya vigae," akacheka. "Kwani nani ataiba jiwe la ukutani?"

Nilipapasa ukuta, kigae baada ya kigae. Kiganja kiliteleza tu.

"Nyamaza," nikamwambia.