Mtu wa Kusimama Kwenye Pampu

Tulimzika mke wangu kwetu Nunguni, asubuhi ya ukungu, watu wote wakiwa wamevaa sweta. Niliporudi Kyuso nilipokelewa na joto, vumbi, na habari kwamba kontrola moja ya kituo ilikuwa imeungua nikiwa matangani.

Kazi yangu ni kutunza kituo cha kusukuma maji. Maji yanatoka kwenye tangi la chini, yanapandishwa hadi tangi lililo kilimani, na kutoka huko yanashuka yenyewe mpaka sokoni, zahanati, shuleni na kwenye birika la mifugo. Pampu haiwashwi kwa mkono wa mtu. Inawashwa na kontrola, ambayo mafundi wanaiita PLC, kompyuta imara isiyozidi ukubwa wa mkate, iliyofungwa ndani ya kabati la chuma. Inasoma kiwango cha maji kwenye matangi, inapima joto la mota, kisha inaamua kuwasha au kuzima.

Kwa sababu tuko mbali na fundi yuko Kitui mjini, waliojenga kituo waliweka kontrola mbili. Moja inaongoza. Ya pili inasubiri, na muda wote inapokea habari za mwenzake kupitia waya mwembamba wa kioo. Ile ya kwanza ikikatika, ya pili inashika kazi papo hapo na pampu haihisi chochote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini injinia aliyenifundisha, kijana mpole sana, aliniambia, "Mzee, usiamini taa. Kila mwezi zima inayoongoza uone kama nyingine itashika. Usipojaribu, una kontrola moja na sanduku la kupendeza kando yake."

Mimi nilifika kidato cha nne, nikasomea kidogo umeme wa nyumba. Mengine yote nilionyeshwa pale pale, mbele ya kabati. Hilo la kutoamini taa lilinikaa.

Jaribio lenyewe linataka watu wawili. Kabati liko kwenye chumba kimoja, pampu iko kwenye banda upande wa pili wa uwanja. Ukizima inayoongoza na ile nyingine ikose kushika, pampu inasimama ghafla, na maji yaliyokuwa njiani kwenda kilimani yanarudi chini na kuizungusha kinyumenyume. Ikitokea iwashwe tena wakati inazunguka hivyo, shafti inavunjika. Kwa hiyo lazima mtu asimame bandani, karibu na kitufe chekundu kilicho ukutani. Pampu ikisimama, anakibonyeza na kukishikilia mpaka kila kitu kitulie.

Kampuni iliahidi kuniletea msaidizi. Hakuja. Aliyesimama kwenye pampu alikuwa mke wangu, miaka yote. Nilikuwa nachungulia dirishani na kupaza sauti, "Nazima!"

"Zima!" alijibu.

Kisha, juu ya kelele zote zile, "Inaenda!"

Alikuwa na sauti ya kwaya. Nikisikia neno hilo nilijua mwezi huo tuko salama.

Baada ya kurudi nilimpigia simu yule fundi wa Kitui aliyebadilisha kontrola iliyoungua.

"Niliweka mpya, mzee," akasema. "Ikapokea programu yote kutoka kwa mwenzake, taa zikawa kijani. Iko sawa kabisa."

"Ulizima ile ingine uone?"

"Peke yangu? Nani angesimama kwa pampu?"

Hapo akagundua alichosema. "Pole tena kwa mama," akaongeza.

"Asante."

Sikumlaumu. Alifanya kazi peke yake kwenye kituo kisicho na mtu. Lakini kuanzia siku hiyo sikujua kama nina kontrola ya pili au nina sanduku.

Watu wa kanisa walikuja nyumbani, chumba changu kilicho nyuma ya kituo. Waliimba, wakaomba, wakaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kwenye sufuria kubwa, wakarudi makwao. Hivyo ndivyo ilivyo, na walifanya vizuri. Baada yao nilibaki nikipika ugali usioisha, kwa sababu mkono wangu ulikataa kujifunza kipimo cha mtu mmoja. Kuna siku jua lilitua nikagundua kwamba sauti pekee niliyotoa tangu asubuhi ni ya kufukuza mbuzi getini.

Kila asubuhi nilifungua kabati. Nilipangusa vumbi kwa brashi laini, nikatoa mchwa walioanza kujenga pembeni, nikaangalia kama feni inazunguka, nikatazama taa. Kijani huku, kijani kule. Nikafunga. Siku ya jaribio ilifika, ikapita. Mwezi uliofuata pia.

Nilijiambia hakuna mtu wa kusimama kwenye pampu. Mchungaji alikuwa amesema nikihitaji vijana nimwambie, nami nikajiambia vijana wako shambani wanavuna ndengu. Sitaki kudanganya hapa. Mtu angepatikana. Sikutaka kusikia sauti nyingine ikitoka kwenye lile banda.

Ndengu ziliisha, ardhi ikakauka, wenye mifugo wakaanza kushuka kutoka kaskazini. Birika lilizungukwa na ng'ombe kuanzia alfajiri. Wakati huo huo ile kontrola inayoongoza, ile ya zamani, ikaanza kuwasha taa nyekundu kidogo, halafu kuizima yenyewe, hasa mchana joto likizidi. Ilikuwa dalili mbaya. Ikifa, na ile ya pili isishike, tangi la kilimani lingekauka kabla fundi hajafika kutoka Kitui. Nilikuwa najua hivyo, na bado nilifungua kabati na kulifunga.

Karibu na birika kuna mama anayeuza chai na maziwa ya ngamia. Watu wake ni Waislamu kutoka kaskazini mashariki, walihamia hapa zamani na biashara ya mifugo. Alikuwa rafiki wa mke wangu. Mimi nilimjua kwa salamu tu. Asubuhi moja alisimama getini na chupa ya chai mkononi.

"Shemeji," akasema, "wewe mashine hujazima tangu urudi."

Nilishangaa. "Umejuaje?"

"Mimi nakaa hapo nje kila siku. Nina masikio." Akaangalia kuelekea bandani. "Unangoja nani?"

"Sina mtu wa kusimama kwa pampu."

"Mimi je? Au mnataka Wakamba peke yao? Na wewe hata si Mkamba wa hapa, wewe ni wa Masaku."

Ndivyo wanavyotuita sisi wa upande wa Makueni, na ni muda mrefu mtu hakuwa amenitania. Nilimwambia si kazi ya mzaha, kuna hatari.

"Ikisimama nabonyeza nyekundu, siachi," akasema. "Ikiendelea nasema inaenda. Kuna ingine?"

Hakukuwa na nyingine. Nilidhani alikuwa amesikia maneno hayo kutoka nje, akiwa kwenye jiko lake. Nikamfungulia geti.

Nilimwonyesha kitufe, ingawa alikitazama kama mtu anayekijua. Nilirudi kwenye kabati, nikachungulia dirishani.

"Nazima!"

"Zima!"

Nikakata umeme wa ile inayoongoza. Taa zake zikafa. Kwa ile ya pili, taa ya kuongoza ikawaka, na kwa kitambo kidogo nilifikiri tumepona. Kisha mngurumo ukakatika. Pakawa kimya, halafu bomba likapiga kishindo kama mlango wa lori unaofungwa kwa hasira.

Nilikimbia. Nilimkuta amekandamiza kitufe kwa mikono yote miwili, ushungi umejaa vumbi lililoanguka kutoka kwenye paa. Shafti ilikuwa inazunguka kinyumenyume, polepole.

"Nimebonyeza," akasema.

"Nimeona. Umefanya vizuri."

"Niachie?"

"Bado."

Tulisimama pale tukiitazama ile shafti mpaka ikasimama kabisa.

Kwa hiyo lilikuwa sanduku. Miezi hiyo yote nilikuwa natazama kijani cha bure. Nilirudi kwenye kabati nikafuata waya mmoja baada ya mwingine, na haikunichukua muda. Kebo inayotoka kwenye kontrola mpya kwenda bandani, ile inayobeba amri za pampu, plagi yake ilikuwa imevunjika kile kikucha kidogo cha plastiki kinachoifunga. Ukiisukuma inakaa, na taa inawaka. Kabati likitetemeka kidogo, inateleza nje, mguso unakatika. Labda ilivunjika kwa mkono wa yule fundi. Labda ni joto. Labda ni mimi na brashi yangu. Sijui, na sitasema ninachokijua nusu.

Nilikata ncha ya kebo, nikapanga nyaya kwa rangi zake, nikavalisha plagi mpya na kuibana kwa koleo lake. Safari hii ilifunga kwa mlio. Niliivuta, ikakataa kutoka. Nikaiwasha tena ile ya zamani, nikazisubiri zote mbili mpaka zikaacha kupepesa, pampu ikaanza upya.

Yule mama alikuwa bado bandani.

"Tutarudia?" akauliza.

"Lazima turudie. Lakini kama umeogopa nitaelewa."

"Rudia tu. Ukiharibu hii kitu, mimi chai nitapika na mate?"

Nilirudi, nikapaza sauti, akajibu, nikazima. Zile taa zikafa. Mngurumo ukaendelea. Niliusikiliza kama unavyomsikiliza mgonjwa akipumua, nikingoja ubadilike, na haukubadilika.

"Inaenda!"

Haikuwa ile sauti. Ilikuwa nzito zaidi, na neno lilitoka kwa lafudhi nyingine. Ndilo nililoliogopa tangu nitoke Nunguni, na lilipofika liliuma kama nilivyojua litauma. Lakini kontrola ya pili ilikuwa inabeba kazi yote peke yake, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa na hakika. Nikaiwasha ile ya zamani isubiri badala yake, maana hakuna haja ya kuzirudisha kama zilivyokuwa. Baadaye nilimweleza fundi wa Kitui kuhusu plagi na ile taa nyekundu, akasema pole, na ataleta kontrola nyingine kubadilisha ile ya zamani. Hakubishana.

Tulikaa kivulini kwenye ukuta wa banda, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.

"Ulijuaje cha kufanya?" nikamuuliza. "Ulikuwa unasikia kutoka birikani?"

"Shemeji, mimi nilikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Hapa. Kila mwezi. Nilikuwa naingia kwa ule mlango wa nyuma." Akaonyesha mlango unaotazama birika. "Mkeo alikuwa ananiita. Alikuwa anaogopa hii mashine sana. Mkono mmoja kwa kitufe, mkono mmoja nimeshika mimi. Alikuwa anafinya mpaka pete inaniumiza."

Nilifikiri juu ya ile sauti. Hakukuwa na woga ndani yake, au mimi sikuusikia.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua anaogopa utaacha kumwita. Utazima peke yako, na siku moja mashine ikuue."

Ilikuwa kweli. Ningezima peke yangu.

Sikulia. Nitasema nilichohisi jinsi kilivyokuwa: nilimwonea wivu yule mama. Miaka yote nilijua tuko wawili katika kazi ile, mimi kwa kabati na mke wangu kwa pampu. Kumbe yeye alikuwa na mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo si mimi. Alikuwa na woga mkubwa, akaenda kuupeleka nje kando ya birika, kwa sababu ya kunitunza mimi. Niliishika ile chai mpaka ikapoa. Nilitaka kuuliza mengine, alikuwa anasema nini wakingoja, kama alikuwa anacheka baada ya kumaliza, lakini niliona aibu kuuliza habari za mke wangu kwa mtu mwingine. Yule mama hakunisukuma. Alikuwa anatazama wateja wake waliokuwa wameanza kuzunguka jiko lisilo na mwenyewe.

Mmoja wao akapaza sauti, "Mama chai! Umeolewa huko?"

"Nimeajiriwa!" akamjibu. "Ngoja!"

Akainuka, akakung'uta vumbi.

"Mwezi ujao utazima siku gani?"

"Siku yetu huwa Alhamisi ya kwanza."

"Alhamisi sasa kuna mnada wa mbuzi. Sitapata nafasi. Weka Jumatano."

"Jumatano ni sawa."

"Asubuhi. Na kabla hujazima, hesabu kwanza kwa sauti, moja, mbili, tatu. Wewe unazima ghafla sana."

"Ni yeye alikuwa anasema hivyo?"

"Hapana," akasema. "Ni mimi nasema. Mimi pia naogopa."

Nikamwambia nitahesabu.