Mashine Iliyofunzwa Kungoja

Naikumbuka alasiri moja ya mvua ya mwaka, mwanangu, nami wakati huo ni msichana niliyejaa kiburi cha elimu. Nimetoka kwetu Tudor, kompyuta nimeifunga kwa mifuko ya nailoni isilowe, naelekea Mji wa Kale kwa mjomba wangu Athmani. Nilikuwa nimetunga muziki. Si nyimbo za harusi, la. Muziki mpya wa gambusi na sauti za kompyuta, kitu ambacho nilidhani hakijapata kusikika mjini mwetu, na katika hilo pengine sikukosea. Wewe leo umenijia na shauku ile ile, wataka nikuazime gambusi lile la mjomba utungie muziki wako. Nitakuazima. Lakini kaa kwanza, unywe kahawa, nikwambie kwa nini mimi siwezi hata kulitazama.

Mjomba alipiga gambusi la zamani, lile linalochongwa kwa gogo moja la mfenesi na kuwambwa ngozi ya mbuzi usoni, chini ya nyuzi. Ngozi ile ina tabia zake. Hewa ikiwa na maji hulegea, sauti ikawa nzito. Basi kabla ya kupiga, Mjomba huweka chetezo mbele yake, makaa na ubani kidogo, akaligeuzageuza gambusi juu ya joto mpaka ngozi ikaze. Hata katikati ya wimbo, ikilegea, husimama akalirudisha kwenye moshi, na wasikilizaji wakamngoja huku wakipiga soga. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku hiyo niliwasha kompyuta, ikaanza sauti zake, naye akaitikia kwa gambusi. Nilisisimka mwili mzima. Kisha ngozi ikalegea, akanyoosha mkono kuvuta chetezo, na kompyuta ikaenda mbele bila yeye. Aliporudi ilikuwa imeshafika mbali. Akaikimbilia, akaikosa, akauweka unyoya wake wa kupigia juu ya goti.

"Salma, huyu mwenzangu wamtoa wapi?"

"Ni kompyuta, mjomba."

"Najua ni kompyuta. Nauliza adabu zake. Mimi n'kisita, yeye aenda zake. Mtu mwazungumza naye, akanyamaza kutafuta neno, wewe wamngoja, au wamwata ukenda zako sokoni?"

Nilitahayari, mwanangu. Nilikuwa nimesomea mambo hayo na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nikarudi nyumbani nikaivunja kazi yote, nikaanza upya.

Nilibandika kipaza sauti kidogo ndani ya tumbo la gambusi, nikaifunza kompyuta kumsikiliza. Ikifika mahali pa jibu, inashusha sauti, inavuma polepole na kungoja. Ikiusikia mkono wake, ndipo inaendelea. Nami sikutaka mchezo. Niliifunza mkono wake hasa: anavyochelewa kidogo kabla ya nota ya mwisho, unyoya unavyokwaruza ngozi, hata ile nota moja aliyokuwa akiipiga chini kidogo kuliko watu wengine. Nilijiona fundi kwelikweli.

Siku ya kuijaribu, Mjomba alipiga jibu la kwanza, halafu akaacha makusudi. Akajimiminia kahawa. Akainywa yote, pole pole, akila na kashata, jicho moja kwenye kompyuta. Nayo inavuma tu, inamngoja. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Sasa ina adabu," akasema. "Huyu mwaweza kukaa naye baraza moja."

Mjomba alikuwa hajaitwa kupiga mbele za watu kwa miaka mingi. Harusi zilikuwa zimehamia kwenye vinanda vya umeme, naye alibaki kupigia ukuta na paka. Nikampatia nafasi kwenye ukumbi mmoja mjini. Nilisikia kwa mkewe kuwa ameshonesha kanzu mpya, na kila jioni auliza kama imekwisha pigwa pasi.

Kanzu ile hakuivaa. Kiharusi kilimshika upande wa kulia, na mkono ule ukalala.

Sikukata tamaa, nilikuwa kijana. Nilimleta Fuadi, mpiga udi hodari kutoka Kibokoni, akae mbele ya Mjomba ajifunze majibu. Mjomba alimwelekeza kwa mkono wa kushoto na kwa nusu ya mdomo. Fuadi akayashika sawasawa. Akapiga kwa gambusi la Mjomba, na kompyuta ikavuma, ikangoja. Akapiga tena. Ikangoja. Nikafungua kompyuta nikaulegeza ule usikivu wake, na hapo tuktuk ikapita nje ikipiga honi, kompyuta ikadhani ndilo jibu, ikaenda mbele. Nikaukaza, ikamkataa Fuadi. Nikaulegeza, ikakubali mlango wa jirani. Kati ya hapo na hapo sikupata kitu. Ilimjua mtu mmoja tu duniani, na mimi ndiye niliyeifunza hivyo kwa mapenzi.

Nikaiwasha kwa mara nyingine, Fuadi akiwa ameshaweka gambusi chini. Ikafika mahali pa jibu la kwanza, ikashuka, ikavuma. Nikamwona Mjomba anautazama mkono wake pajani. Machozi yakamtoka upande mmoja.

"Izime, mwanangu," akasema. "Yaniita, nami siwezi kuitika."

Hakumaliza mwaka.

Wale waliokuwa wakipiga gambusi la ngozi nawe wajua walikoishia, makaburini. Fuadi alirudi kwenye harusi zake. Mimi kazi ile nimeihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine miaka yote hii, na sijui kwa nini. Watu huniambia niitengeneze upya, siku hizi kuna mitambo yenye akili. Najua ipo. Nikijaribu, lazima kwanza niufute ndani yake mkono ule inaoungoja, na kidole hakiniendi. Mara nyingine huiwasha mchana, watu wakiwa kazini. Inaanza vizuri. Inafika pale, inashuka, inavuma. Mimi hukaa na kikombe changu mpaka kahawa ipoe, kisha huizima. Hakuna faraja ndani yake, sitakudanganya.

Basi nasaha yangu ni hii. Tunga unavyotaka, wala usiogope wazee watakaokwambia unaharibu. Lakini yule unayemtungia akiwa hai, mkono wake una nguvu, mkalishe mtu mwingine kando yake, na wa tatu, wakosee mbele yake, naye awakemee. Kisha ifunze mashine yako mikono yao wote, hata ile mibaya. Usikifunge chombo kwa mtu mmoja kwa sababu wampenda. Ukimpenda, kifungue.

Haya, lichukue hilo gambusi ukutani. Chetezo kipo chini yake. Mungu akupe mwalimu wa kukukemea, akupe na wenzio wa kukaa nao, na kila utakachokifunza kungoja, insha Allah, kisikose wa kukiitika.