Vidonge vya Pande Mbili

Ernesta wa Suji hakuwa na maneno mengi, na hilo ndilo lililomponza. Kwetu mlimani mtu mkimya hutiliwa shaka kabla hajafanya lolote. Mimi jirani yake, nisiyeamini watu upesi, nilimchunguza miaka mingi nikakosa cha kumshika nacho. Wakwe zake hawakukosa.

Mumewe, Eliezeri, alirudi na homa kutoka shamba la mkonge. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa: zahanati ikipata dawa leo, kesho hamna, lakini kule Same maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamechipuka kando ya barabara. Ernesta alibahatika kupata vidonge vyeupe vya homa zahanati.

Tumainieli, mdogo wake Eliezeri, akaanza. "Kaka alitoka mkongeni anatembea. Hapa amekula nini?"

Hiyo ilitosha. Mama mkwe akahamia pale. Desturi yetu, anayemkaribisha mgeni huonja kwanza ili kuondoa shaka ya sumu. Ernesta akalazimishwa kuonja uji wa mume wake mwenyewe, mbele ya watu. Akaonja. Bado mama akamnong'oneza mwanawe asile, naye akawa anasukuma bakuli. Alichokubali ni dengelua tu, pombe ya miwa aliyopikiwa na mama yake.

Tumainieli hakuviamini hata vile vidonge vyeupe. Akashuka Same, akanunua vya rangi ya waridi, akawa anampa kaka yake kila Ernesta alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Homa ilipogoma kushuka, kila upande ukaongeza vyake.

Macho ya Eliezeri yakawa ya manjano, akaanza kuongea ovyo. Tukamshusha hospitali. Kijiji kilikuwa kimeshahukumu: Ernesta ataondoka na nguo alizovaa, shamba la kahawa libaki kwenye ukoo.

Daktari akauliza mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani. Ernesta akafungua pindo la kanga, akatoa vyeupe. Mama mkwe, kwa kumhofia mwanawe, akatoa vya waridi, akasema Tumainieli humpa Ernesta akiwa ametoka. Daktari akavitazama vyote.

"Hii ni dawa moja, parasetamoli. Amekunywa kupita kiasi, tumboni hana chakula, na juu yake pombe. Ini linakufa." Akaeleza pia kwa nini presha inaporomoka ingawa dripu inaingia: ini likiharibika hivyo, mwili wenyewe hutengeneza kwa wingi hewa iitwayo naitriki oksaidi, nayo hulegeza mishipa ya damu.

Tumainieli akadakia. "Daktari, hewa hiyo mtu anaweza kutiliwa kwenye chakula?" Macho yake yalikuwa kwa Ernesta.

"Nimesema mwili wenyewe."

"Sawa, lakini lazima kuna aliyeanzisha."

Nilitamani kumzaba kibao. Ernesta akainua uso.

"Yupo, shemeji. Vyangu nilimpa mbele ya mama. Vyako ulisubiri nitoke. Ungeniambia tu, ningeviacha vyangu."

Eliezeri alikata roho jioni ile, mkewe amemshika mkono.

Baada ya matanga Tumainieli alikuja na kamba kupima shamba la kahawa. Mama mkwe alitoka ndani, akamnyang'anya ile kamba, akamwambia aende zake.