Brikicho Kando ya Miwa

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Kitale tunaishi kwenye ploti yenye geti la chuma, na binti yangu wa miaka sita alikuwa akicheza sebuleni, juu ya zulia, mahali ninapoweza kumwona nikiwa jikoni. Kila nikifungua simu kuna mtoto ametangazwa kupotea. Majirani wakinicheka ati ninamlea kama yai, huwaambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, halafu ninarudi kufunga mlango.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane tulienda kwa mama yangu, Kabuchai. Uwanja wake umepakana na miwa ya jirani, na watoto wa kaka yangu hushinda nje tangu chai ya asubuhi. Binti yangu alishinda akiwatazama huku amenishika gauni. Mama akaniuliza kama nilizaa mtoto au nilizaa kiraka cha nguo. Iliniuma. Kesho yake nikavua viatu, nikajifunga leso kiunoni, nikawaambia watoto kwamba leo tunacheza brikicho pamoja.

Mmoja hufumba macho ukutani, wengine wanajificha. Aliyefumba huuliza, "Brikicho?" na wasio tayari hujibu, "Bado!" Wakinyamaza, anaanza kutafuta. Binti yangu alilipenda hilo "bado" kupita kiasi. Alilijibu hata akiwa ameshajificha, na binamu zake wakamcheka sana.

Jamani, nilikuwa nimesahau! Nililala kifudifudi nyuma ya ghala la mahindi, vumbi puani, nikibana kicheko mpaka machozi yakanitoka, mwanamke mzima. Binti yangu alijibanza ubavuni mwangu, nami nikamfundisha ujanja wetu wa utotoni: usitoke hata wakikuita jina, hata wakisema chakula kiko tayari, hata wakisema kuna nyoka. Wanataka tu kukutoa. Alinisikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyapata nikimwambia aoge.

Zamu yangu ya kutafuta ikafika. Wa kaka yangu niliwapata wote, mmoja baada ya mwingine. Wangu sikumwona popote uwanjani; ilibaki miwa tu.

Ndipo nikanusa moshi. Jirani alikuwa amevuna sehemu ya shamba lake, na huku kwetu miwa ikishakatwa, majani makavu huchomwa ili mashina yachipuke. Kabla ya kuwasha, mwenye shamba huzunguka akipiga kelele, watu watoke. Alikuwa ameshazunguka. Moto ulikuwa umewaka, na upepo ulikuwa unausukuma kwenye miwa iliyobaki, ile iliyogusa uwanja wetu.

Nikamwita jina lake. Nikamwita tena kwa mayowe. Mama akatoka, naye akamwita. Binamu zake wakamwita. Jirani alikuwa anapiga moto kwa matawi, anakohoa, anauliza kwani hatukumsikia akitangaza. Tulimsikia, bana, ila mchezo ulikuwa umetunogea. Hata mtoto alimsikia, na nilijua vizuri sana alivyomwelewa: huyu naye ni mmoja wao. Kadiri tulivyoita ndivyo alivyozidi kujibana. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Niliingia kwenye miwa, majani yakinikata mikono, nisione hata hatua moja mbele. Nilitaka kulia. Nikasimama, nikalazimisha sauti iwe ya mchezo.

"Brikicho?"

Hakuna jibu. Moto ulisikika ukipasukapasuka kama bisi kwenye sufuria. Nikauliza tena huku nikicheka, na Mungu anisamehe kwa kicheko kile.

"Bado!"

Sauti ilitoka kushoto, chini kabisa. Nilimkuta amechuchumaa kati ya mashina, ameziba pua kwa sketi, macho mekundu, anatabasamu. Nilimnyakua nikakimbia naye bila kumwambia lolote.

Uwanjani nilimweka chini, na mkono wangu ukainuka kumpiga. Nikaushusha. Jirani na watu wawili waliokuja mbio walikuwa wameudhibiti moto. Mama alinipa maji ya kunywa, nikampa mtoto. Mawazo yangu yote yalikuwa Kitale. Nilitaka tuondoke siku ile ile, nifunge mlango, na nisimwache tena atoke mpaka awe mtu mzima.

"Mama, hukuniona kabisa," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa moshi, lakini sikuwahi kumsikia akijivuna hivyo. "Sasa enda ujifiche wewe."

Alishageukia ukuta na kufumba macho. Nilimtazama mgongo, sketi imejaa majivu, na nikajua kwamba nikisema mchezo umeisha atanitii, na hataniomba tena kutoka nje. Nikaenda kujificha nyuma ya ndoo ya maji, mahali ambapo angeniona akigeuka tu.