Mawe Manne Kando ya Nguzo

Ko. Kimya kidogo, halafu ko tena. Sauti ile ya jiwe kugonga mwamba naisikia mpaka leo, kwa sababu aliyekuwa akirusha ni mimi, na nilikuwa naimba.

Nafanya kazi kwenye studio ya picha mjini Nakuru. Picha za paspoti, za ubatizo, za familia zinazoshuka kutoka Molo na sweta zao nzito, kisha zinasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Pazia lilikuwa limezeeka mpaka maji yakawa na kiraka. Mwenye studio, mzee wa Kihindi aliyeachiwa duka na babake, aliniahidi kwamba nikimletea picha nzuri ya mahali, ataichapisha kubwa kama ukuta na kuitundika badala ya maporomoko.

"Lakini chini iwe safi," alisema. "Wateja watasimama hapo. Sitaki takataka kwa miguu yao."

Nilikuwa nimeota jambo hilo mwaka mzima. Basi siku yangu ya mapumziko nikabeba kamera ya studio nikaenda kaskazini, nikapita Marigat, hadi kwenye nchi kame ambako mvua na upepo vimechonga udongo mwekundu ukawa nguzo. Nguzo zingine ni nyembamba kiunoni na zina jiwe bapa kichwani, kama akina mama waliojitwika sinia. Mtu wa boda aliniacha hapo saa sita mchana, tukaelewana anirudie saa kumi na moja na nusu.

Nilichagua nguzo moja iliyojitenga na zingine. Nikapiga picha ya kupima mwanga. Kwenye kioo cha kamera nikaona mawe manne yamelala kwa mstari upande wa kulia, kila moja kama kiazi kikubwa. Hiyo ndiyo takataka, nikajiambia. Nikayaokota moja moja nikayarusha mbali. Studio imenizoesha hivyo. Kabla ya kubonyeza unatoa kiti, unatoa mkoba, unamfuta mteja jasho. Halafu nikaketi kungoja mwanga mzuri wa jioni.

Kabla haujafika, akatokea mama mmoja na mbuzi kama ishirini.

"Sasa, msichana."

"Poa, mama."

Aliangalia kivuli cha nguzo, akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Hapa kulikuwa na mawe."

"Nimeyatoa, mama. Yalikuwa yanaharibu picha."

"Basi umetupa saa yangu," akasema, polepole, bila hasira. Hapo ndipo nilipoona aibu kabisa.

Akanieleza. Ncha ya kivuli ikigusa jiwe la kwanza, mbuzi wanaenda kunywa maji. La pili, wanatoka mtoni kabla ya ng'ombe wa watu kufika. La tatu, wajukuu wake wanatoka shule. La nne, safari ya nyumbani. Majira yakibadilika anayasogeza kidogo.

"Na simu, mama?"

"Simu yangu inachajiwa Marigat. Inaenda Jumamosi, inarudi Jumatatu. Hiyo simu inatembea kuliko mimi."

Nilicheka, lakini macho yalikuwa yananiuma. Nikakumbuka ile picha ya kupima mwanga. Nikamwonyesha: jiwe la kwanza karibu na ufa, la pili kando ya kichaka cha miiba. Shida ni kwamba betri ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu, na kioo ndicho kinachoimaliza. Nikikiacha kikiwaka, jioni nitapata mwanga bila kamera. Nikikizima, huyu mama atapeleka mbuzi mtoni kwa kubahatisha.

Nikakiacha kikiwaka, nikampa kamera, nikaenda kuyaokota mawe nilikoyarusha.

"Hapana, nyuma kidogo," aliniongoza, kamera mkononi mwake, akiwa ameisogeza karibu na pua. "Nyuma tena. Kwani wewe huoni ufa? Na ndiwe mpiga picha."

Tulipoweka la nne, jua lilikuwa limelala vizuri na nguzo imekuwa rangi ya chungu kipya. Katikati ya kazi hiyo mama alikuwa amekwenda mtoni na kurudi. Betri ilikuwa imebakisha nguvu ya picha moja, labda. Nikangoja mpaka ncha ya kivuli ikafika jiwe la mwisho, nikabonyeza. Kamera ikazima hapohapo.

"Imeshika?" mama akauliza.

"Sijui."

"Saa yangu imeshika," akasema, akawapigia mbuzi mluzi.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi, studioni, mzee aliitazama picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Ilikuwa imeshika: nguzo, kivuli, mawe yote manne, na upande wa kushoto kabisa matako ya mbuzi.

"Hii ni nani?" akauliza.

"Mbuzi, boss. Aliingia mwenyewe."

"Na mawe? Nilisema chini iwe safi."

Nikamweleza habari ya saa, yote, pamoja na kosa langu. Mzee akanyoosha mkono akafungua saa yake, akaitazama, akaifunga tena mkononi.

"Wateja watauliza," akasema. "Wewe ndiye utawaeleza. Mimi sina nafasi."

Pazia jipya lilitundikwa Ijumaa. Mzee alipokwenda kula, nilisimama mbele ya pazia kama mteja, nikaona kwamba nikisimama katikati nayaficha mawe mawili. Nikachukua selotepu, nikapiga magoti, nikabandika sakafuni alama ya msalaba ya mteja kusimama, hatua mbili kushoto, mbele ya yule mbuzi.