Mpangaji Bila Kamba

Jina la Mama Maranda alipewa na wafugaji wa kuku. Kila walipomwona alikuwa juu ya gari la farasi lililojaa magunia ya maranda, nywele zote vumbi la msumeno, akiwaletea ya kutandika mabandani. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na farasi mwenyewe, wa kahawia, mwenye kichwa kikubwa na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Farasi huyo alimwita Mpangaji. "Anakula, analala, na ukimuuliza habari za kodi anakugeuzia mgongo," aliwaambia watu.

Asubuhi moja, akifunga magunia pale kiwanda cha mbao, mkono wa kulia ulimkatalia. Uliachia kamba kana kwamba si wake, na mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea na kusema vizuri, ila vidole vya kulia havikushika kitu tena, si kikombe, si kitana, wala hatamu.

Gari likachukuliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikono yenye nguvu na subira fupi. Haukupita muda, Mpangaji akawa anarusha kichwa kila akiona hatamu. Siku moja alirudi kinyumenyume na gari hadi akavunja mlango wa banda la mteja, kuku wakatawanyika mtaa mzima.

"Shemeji, tumuuze tu," fundi alisema jioni ile, akijifuta jasho. "Mimi na huyu damu zetu haziendani."

"Haendi popote."

"Sasa utamfanya nini na mkono mmoja?"

"Sijui bado. Lakini miguu ninayo yote miwili."

Mama aliamua kumfundisha Mpangaji amfuate bila kamba. Waliozoea kufundisha farasi hivyo huwa na uwanja wenye uzio. Farasi akigoma, anazunguka humohumo mpaka achoke. Mama Maranda alikuwa na eneo la wazi nyuma ya nyumba, mali ya kiwanda, nyasi hadi magotini. Upande mmoja lilipakana na barabara, upande wa pili na uwanja wa mpira wa shule. Siku ya kwanza alimvua Mpangaji kamba ya kichwani kwa mkono wa kushoto akisaidiwa na meno. Farasi alimtazama, akaenda zake uwanjani, akaanza kula nyasi mbele ya goli. Wanafunzi walishangilia kama timu yao imefunga. Ilibidi shemeji amfuate na ndoo ya pumba, naye hakuficha kicheko.

Mama akaanza upya, kidogo kidogo. Kati ya banda na rundo la mbao palikuwa na ujia mwembamba, na humo ndimo walimofanya kazi. Mama alitembea sambamba na bega la farasi; akishusha pumzi na kusimama, alingoja farasi naye asimame. Farasi alipofanya hivyo, mama alimsugua shingoni kwa mkono ule mbovu. Haukuweza kushika, lakini kusugua uliweza, na Mpangaji alimwegemea huku mdomo wa chini ukining'inia.

Walipozoea, wakahamia uani, kisha pembeni ya nyasi. Alimtoa akiwa ameshiba ili nyasi zisimvute sana. Farasi akitaka kuondoka, mama aliondoka naye, akimhimiza asisimame. Kuondoka kukawa kazi, na kukaa karibu na yule mama kukawa mapumziko. Zipo siku walizunguka hadi magoti yakamuuma mama, akarudi ndani kujinyoosha.

Binti yake, muuguzi, alipokuja kumpima presha alisimama dirishani akiwa ameshika kiuno. "Mama, akikukanyaga?"

"Uzito ni uleule, mwanangu, awe na kamba au asiwe nayo."

Binti hakucheka.

Siku moja walikuwa katikati ya eneo lile, lori likamwaga mabati kiwandani. Mlio ulipasua hewa. Mpangaji aliruka, akatimua mbio kuelekea barabarani. Mama alimwita, farasi hata sikio hakugeuza. Gari dogo likafunga breki, likaserereka. Kwa muda mama hakuona kitu ila vumbi. Hakukimbia. Alitembea, akitafuta maneno ya kumwambia dereva kama kuna aliyeumia.

Hakuna aliyeumia. Mpangaji alikuwa ng'ambo, kando ya ukuta wa ghala, akihema. Mama alivuka, akasimama mbali kidogo, akampa mgongo na kushusha pumzi. Farasi hakuja mara moja. Alitazama barabara, akatazama ukuta, akakojoa. Kisha kwato zikasikika taratibu, na pumzi ya moto ikagusa shingo ya mama.

Dereva alikuwa bado ametoa kichwa dirishani. "Mama, una wazimu? Kamba iko wapi?"

"Ningeishika na nini, baba?" Aliinua mkono wa kulia, vidole vikaning'inia.

Dereva alizima gari. Akashuka, akasimama katikati ya barabara na kuyasimamisha magari mengine mpaka wawili hao wakapita.

Nyumbani, mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza shemeji yote bila kupunguza. Fundi hakumgombeza. Wiki ile alileta vipande vya mabomba chakavu, akachomelea uzio upande wa barabara tu, kwa sababu mabomba yaliishia hapo. Mama, ambaye huko nyuma angebisha, alimshikia mabomba kwa mkono wa kushoto.

Maranda sasa hupelekwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya shemeji. Mpangaji hufanya kazi ndani ya kiwanda cha mbao, kilichokubali kumpa kazi, akiburuta magogo kwa mnyororo kutoka rundo hadi kwenye msumeno, bila hatamu, mama akitembea ubavuni na kusema naye. Wateja wapya wa kiwanda husimama kutazama. Wa zamani huuliza tu mbao zao ziko wapi. Siku za mvua farasi hugoma kutoka bandani, naye mama humwacha, akaenda kunywa chai na mwendesha msumeno.